Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyekufa kwa mambo ya Kongo



Huku kwetu, tangu Lubero mpaka Butembo na Beni, hata mtoto mdogo anajua gari nyeupe yenye herufi mbili kubwa, na anajua askari wa kofia ya buluu. Watoto wengine wanampungia mkono, wengine wanaokota jiwe. Lakini ukiuliza klasi nzima ni nani aliyepanga kazi ile, kumvalisha askari kofia ya buluu na kumtuma katika nchi ya wengine pasipo kumwonyesha adui, utapata jibu la wachache sana. Juu ya hiyo, katika gazeti letu la mara hii ninaandika maisha ya mtu huyo. Jina lake linasumbua ulimi: Dag Hammarskjöld. Ukisoma Hamashold inatosha, tutaelewana.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, inchi ya Uswidi, kaskazini ya Ulaya. Wakristo wa Kivu hawako wageni kabisa kwa Uswidi, sababu wamisionere Wapentekoste walitoka huko na kuanza kazi Kivu ya Kusini katika miaka ya 1920. Dag alikuwa kitinda mimba, mvulana wa nne. Baba yake, Hjalmar, alikuwa mtu wa sheria, na mwaka 1914 akawekwa kuwa waziri mkuu, mwaka uleule vita vya kwanza vya dunia vilipoanza. Baba huyo alikataa inchi yake iingie vitani upande wowote. Waswidi hawakumwaga damu, ni kweli, lakini biashara ya bahari ilikatika, chakula kikapunguka, na watu wenye njaa wakaligeuza jina lake wakalichanganya na neno njaa. Mwaka 1917 akaanguka. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka 12. Mimi ninawaza kwamba kama mtu anataka kumfahamu Hammarskjöld aanzie hapo: alikulia katika nyumba ya mtu aliyesimama katikati ya wapiganaji, akatukanwa na watu wa nyumbani mwake mwenyewe.

Jamaa hiyo ilikaa Uppsala, ndani ya ngome ya zamani, sababu baba alikuwa liwali wa jimbo. Uppsala ni mji wa Kanisa la Kilutheri, na pale anakaa Askofu Mkuu. Wakati ule alikuwa Nathan Söderblom, rafiki wa nyumba yao, yule aliyekusanya makanisa mengi ya dunia kule Stockholm mwaka 1925 ili wasemezane juu ya amani na maisha ya watu, na mwaka 1930 akapewa zawadi ya Nobel ya amani. Mama yake Dag, Agnes, alikuwa mtu wa sala na wa huruma. Kwa hiyo kijana alipata vitu viwili: kwa baba, kazi ya leta pasipo kujitafutia faida, kwa mama, Injili.

Masomo yake sitayaeleza sana, maana yatawakatisha tamaa wale wanaongoja mtihani wa serikali. Alisoma lugha, filozofia, uchumi na sheria, na akawa daktari wa uchumi. Mwaka 1936, alipokuwa na miaka 31, alikuwa tayari mtumishi mkubwa kushinda wote katika wizara ya fedha, chini ya waziri tu. Tangu 1941 aliongoza vilevile baraza la banki kuu ya inchi. Hakuingia chama chochote cha siasa. Hakuoa. Alipenda kupanda milima ya barafu na kusoma vitabu vya mashairi, na watu waliofanya kazi naye walichoka mbele yake.

Sasa tufike kwa Ulaya, sababu ndiko alijifunza kazi yake. Mwaka 1945 vita vya pili vilipoisha, miji ya Ulaya ilikuwa mavumbi. Marekani ikaahidi feza nyingi za kuijenga upya, lakini ikaweka sharti: mataifa ya Ulaya yapatane kwanza yenyewe namna ya kuzitumia. Mwaka 1947 Hammarskjöld alitumwa Paris kusema kwa jina la Uswidi, na mwaka 1948 akawa kati ya wale waliotengeneza shirika la uchumi la Ulaya, lile Wafaransa waliita OECE. Hebu fikirini. Watu waliotupiana mabomu miaka mitatu mbele wanakaa meza moja, kila mmoja anafungua daftari ya feza yake wengine waisome. Ile ilikuwa ajabu kushinda mkataba wowote wa waaskari.

Kwa mambo ya usalama wenyewe hawakupatana vile. Uswidi ilitaka umoja wa ulinzi na majirani zake Norway na Denmark, lakini mwaka 1949 hao wawili wakaingia NATO pamoja na Marekani, na Uswidi ikabaki peke yake inje. Ilibaki inje hadi mwaka 2024. Basi Hammarskjöld alitoka katika inchi ndogo isiyo na bwana, ambayo nguvu yake ilikuwa neno lake tu. Neno hilo, kwamba mdogo anaweza kufaa kwa amani sababu hana tumbo kubwa la kumeza wengine, alilichukua mpaka New York.

Alifika New York namna gani? Umoja wa Mataifa, yaani ONU, ulikuwa na Sekretere Mkuu wa kwanza, Trygve Lie wa Norway, na Warusi walikuwa wamemkataa juu ya vita vya Korea. Wakubwa walitafuta mtu mwingine ambaye hatamsumbua yeyote. Waliona katika Mswidi huyu karani mwema wa feza, mtu wa kimya. Simu ya kwanza ya mwandishi wa habari ilimfikia usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 1953, naye akadhani wanamchezea, maana Wazungu siku hiyo wanadanganyana kwa kucheka. Tarehe 10 Aprili akala kiapo. Wakubwa walikuwa wamekosea hesabu.

Januari 1955 alikwenda mwenyewe Pekini kuomba Wachina wawaachilie Wamarekani 11 wa ndege waliofungwa. Wengi walisema ni bure. Mwanzo wa Agosti mwaka ule wakaachiliwa. Lakini neno kubwa lilikuja mwaka 1956. Misri ilikuwa imechukua mfereji wa Suez, na mwisho wa Oktoba Israeli, kiisha Uingereza na Ufaransa, wakaishambulia. Angalieni vizuri: mataifa mawili makubwa ya Ulaya, wote wawili wenye kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama, ndio waliokuwa wavunja amani. Nani atawatoa? Lester Pearson, waziri wa Kanada, akatoa shauri la jeshi la ONU, na Hammarskjöld ndiye aliyeliandikia sheria zake kwa siku chache, karibu pasipo kulala.

Sheria hizo ndizo urizi wake. Askari wa ONU hawezi kuingia pasipo ruhusa ya mwenye inchi. Hana upande. Hapigi risasi ila kwa kujilinda. Na tena, hakuna askari hata mmoja atakayetoka katika yale mataifa matano ya kiti cha kudumu. Walikuja Waswidi, Wanorway, Wadenmark, Wafini, Wayugoslavia, Wahindi, Wakanada, Wabrazili na wengine. Kofia zao zikapakwa rangi ya buluu ili wasichanganywe na wapiganaji. Waingereza na Wafaransa wakarudi kwao. Mbele ya hapo jeshi lilijulikana kwa adui wake. Sasa pakatokea jeshi ambalo kama likipata adui, limekwisha kushindwa kazi yake.

Kisha ikaja zamu yetu. Mwanzo wa 1960 alikuwa ametembelea inchi zaidi ya 20 za Afrika, akapita na Léopoldville. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni. Tarehe 5 Julai waaskari wa Force Publique wakaasi maofisa wao Wabeleji. Tarehe 10 Ubeleji ikaingiza jeshi lake pasipo kuitwa. Tarehe 11 Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Siku moja tu ikapita, na Raisi Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba wakatuma telegramu kwa ONU kuomba waaskari. Hammarskjöld akaliita Baraza la Usalama usiku, azimio likapita tarehe 14, na tarehe 15 Watunisia wa kwanza walikuwa wanashuka katika ndege. Siku tatu toka telegramu! Leo barua ya kuomba vitabu inakawia kushinda hiyo.

Jeshi hilo, ONUC, lilifika karibu watu 20,000. Wengi walikuwa Waafrika na Waasia: Ghana, Ethiopia, Moroko, Nijeria, Uhindi. Toka Ulaya aliita Uswidi na Irlandi, inchi mbili zilizokuwa inje ya NATO. Wairlandi ndio waliotumwa huku Kivu, na makao yao yalikuwa Goma. Irlandi ilikuwa haijatuma kikosi namna hii inje hata mara moja, na vijana wale walishuka Kongo wakivaa nguo nzito za sufu za baridi ya kwao. Tarehe 8 Novemba 1960 kule Niemba, kaskazini ya Katanga, tisa kati yao waliuawa katika mtego wa Wabaluba waliodhani ni watu wa Tshombe. Ndiyo hatari ya kofia ile: wewe unajua huna upande, lakini yule aliye na mshale hajui.

Hapa ninafika kwa neno linaloleta fujo kila mara likitajwa katika klasi ya sita: Lumumba. Kuna wenzetu hawataki kusikia sifa yoyote ya Hammarskjöld, wanasema alimwacha Lumumba afe. Wengine wanasema mikono yake ilikuwa imefungwa. Tuangalie yaliyotendeka.

Lumumba alitaka waaskari wa ONU waingie Katanga kwa nguvu na kumaliza utengano. Hammarskjöld akajibu kwamba ONU si silaha ya upande mmoja katika ugomvi wa ndani ya inchi. Tarehe 12 Agosti akaruka mwenyewe mpaka Élisabethville pamoja na Waswidi, akazungumza na Tshombe, pasipo kupita kwanza kwa Lumumba. Lumumba akakasirika sana. Alisema hata kwamba Waswidi wana undugu na nyumba ya mfalme wa Ubeleji, na haikuwa uongo, maana mama ya mfalme Baudouin, malkia Astrid, alikuwa binti wa Uswidi. Tangu siku ile wawili hawakupatana tena.

Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu akamwondoa Lumumba katika kazi, na Lumumba naye akasema amemwondoa Kasa-Vubu. Watu wa ONU wakafunga viwanja vya ndege na radio ya Léopoldville, kwa wote wawili sawasawa. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na rafiki ngambo ya mto, katika Brazzaville, akasema kwa radio ya huko. Lumumba hakuwa na radio nyingine. Tarehe 14 Mobutu akashika mamlaka. Waaskari wa ONU walilinda nyumba ya Lumumba, lakini tarehe 27 Novemba akatoka usiku akielekea Stanleyville, akakamatwa njiani, na ONU haikumnyang'anya mikononi mwa waliomkamata. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa katika Katanga.

Mimi ninaona hivi. Hammarskjöld hakutaka kifo kile, lakini alikosea alipodhani kwamba kufunga mlango mmoja kwa watu wawili ni haki, wakati mmoja wao ana mlango mwingine. Kusimama katikati kuna uzito wake, na uzito ule ulimwangukia Lumumba. Anayetaka kunijibu aandike katika gazeti lijalo, nafasi ipo.

Hata hivyo kusema alikuwa mtumishi wa Wazungu, hiyo hapana. Warusi walimtaka aondoke, na mwanzo wa Oktoba 1960 Khrushchev alimshambulia mbele ya mataifa yote. Akakataa, akaeleza kwamba wakubwa wanaweza kujilinda wenyewe, ni inchi ndogo ndizo zenye haja na ONU. Lakini Ubeleji, Uingereza na makampuni ya shaba vilevile walimchukia, sababu alidai maofisa Wabeleji na askari wa kukodiwa watoke Katanga. Kisha kifo cha Lumumba, tarehe 21 Februari 1961, Baraza likaruhusu ONUC kutumia nguvu, ikiwa hakuna njia nyingine, kuzuia vita vya ndani. Sheria ya Suez ikaanza kupasuka.

Septemba mwaka ule ikapasuka kabisa. Tarehe 13 watu wa ONU wakaanza mapigano Élisabethville ili kumaliza utengano. Mambo yakaharibika. Katanga ilikuwa na ndege moja tu ya vita, aina ya Fouga, lakini ONU haikuwa na hata moja, na ndege hiyo moja ikawasumbua wote. Kule Jadotville, leo Likasi, Wairlandi zaidi ya 150 walizungukwa siku tano, risasi na maji yakawaishia, wakatekwa. Uingereza na Marekani wakapiga kelele. Hammarskjöld, aliyekuwa amefika Léopoldville, akaamua kwenda mwenyewe kuonana na Tshombe kule Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini ya Waingereza, leo Zambia, ili risasi zinyamaze.

Jioni ya tarehe 17 Septemba 1961 akapanda ndege yenye jina Albertina. Kwa kuiogopa Fouga, rubani alizunguka mbali kwa upande wa ziwa Tanganyika. Kisha saa sita ya usiku ndege ilipita juu ya uwanja wa Ndola, taa zake zikaonekana, kiisha ikaanguka porini, karibu kilometa 15 tu. Ilitangazwa kuonekana kesho yake kisha saa tisa za mchana. Watu walikuwa 16. Mlinzi mmoja, Harold Julien, aliishi siku chache hospitalini, akasema juu ya mlipuko na cheche, kisha naye akafa. Hammarskjöld alikuwa na miaka 56.

Mwaka uleule alipewa Nobel ya amani ijapokuwa amekufa, akazikwa Uppsala pamoja na wazazi wake. Katika chumba chake cha Léopoldville palibaki kitabu cha zamani cha Thomas a Kempis juu ya kumfuata Kristo. Nyumbani kwake New York wakakuta daftari ambamo aliandika miaka mingi mawazo yake mbele ya Mungu. Lilipotolewa mwaka 1963 rafiki zake wengi walishangaa, maana hawakujua kwamba alikuwa mtu wa sala hivyo. Ndani hakuna neno la Suez wala la Kongo.

Na kazi yake je? Utengano wa Katanga uliisha Januari 1963, na ONUC ikaondoka tarehe 30 Juni 1964. Lakini kofia za buluu zilirudi mwaka 1999 kwa jina MONUC, na tangu 2010 MONUSCO. Mwaka 2003, kule Bunia, kaskazini kwetu, watu walipokuwa wanachinjana mbele ya macho ya waaskari wachache wa ONU, Kofi Annan aliomba msaada wa haraka. Umoja wa Ulaya ukatuma jeshi, lililopewa jina Artemis: la kwanza ambalo Umoja huo ulituma inje ya Ulaya pasipo NATO. Lilikaa tangu Juni mpaka tarehe 1 Septemba. Wenye kuongoza walikuwa Wafaransa, yaani taifa la kiti cha kudumu, wale ambao sheria ya Suez iliwafungia mlango, na walikuwa na ruhusa ya kupiga. Pamoja nao walikuwamo Waswidi. Bunia ikatulia, watu wengi wakapona. Lakini ruhusa yao ilikuwa kwa mji na uwanja wa ndege, na mauaji yakaendelea katika vijiji. Mahali pao wakaja Wabangladesh, Wapakistani, Wanepali na Wauruguayi.

Tangu hapo ubishi haujaisha. Wenye kusema askari wa ONU apigane walipata brigedi ya mwaka 2013, yenye ruhusa ya kushambulia, na tarehe 7 Desemba 2017 kule Semuliki, katika Beni, zaidi ya Watanzania kumi wa brigedi hiyo walikufa usiku mmoja. Wenye kusema ONU inatazama tu wakati watu wanachinjwa walitoka barabarani, na Julai 2022 katika Butembo wakafa waandamanaji na wakafa watu wa ONU. Maswali yaliyotupwa kwa mawe ni yaleyale Lumumba alimwuliza Hammarskjöld kwa barua.

Juu ya ndege yenyewe, Warhodesia walisema mapema kwamba ni kosa la rubani. ONU haikukubali wala haikukataa. Kiisha, tangu 2015, ilimpa kazi ya kuchunguza upya Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Alikusanya ushuhuda wa Wazambia wachoma makaa waliokuwa porini usiku ule, wakasema waliona ndege nyingine angani. Mwanzo hakuna aliyewasikiliza vizuri, maana walikuwa Weusi. Yeye anasema inawezekana kwamba ndege ilishambuliwa au ilitishwa toka inje. Katika ripoti zake alitaja Uingereza, Marekani na Afrika ya Kusini kama wenye kuweka habari ambazo hawajatoa. Ripoti ya mwaka 2024 ilikuwa bado inaziomba.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita